Siku tatu za Firenze

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Nimeusoma mpango wako wa Jumapili hadi Jumanne, na kila siku umeijaza mambo sita. Punguza, tafadhali. Mji wa kale wa Firenze, Italia, ni mdogo, unatembeleka wote kwa miguu; kinachokula muda ni foleni, na kinachovuruga ratiba ni siku za kufunga. Panga kwa kuzifuata hizo.

Jumatatu Uffizi na Accademia, makumbusho mawili ya sanaa, zote hufungwa. Jumapili asubuhi kanisa kuu ni la ibada, watalii hawaingii. Basi Jumapili iwe ya Uffizi, saa mbili na robo inapofunguliwa. Lakini ikiwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kiingilio ni bure, huwezi kuweka nafasi, na foleni ni ndefu mno; hapo isogeze hadi Jumanne alasiri. Ndani, anza na picha tatu za Bikira Maria za wachoraji Cimabue, Duccio na Giotto, zilizowekwa chumba kimoja. Kwa hatua chache tu unaona jinsi uchoraji ulivyoanza kuupa mwili uzito. Kisha nenda kwenye michoro ya Botticelli kabla makundi hayajafika.

Jumatatu panda kuba la kanisa kuu, kazi ya msanifu Brunelleschi, lililojengwa kuanzia 1420 hadi 1436. Ngazi ni 463, lifti hakuna, na njia inapita katikati ya kuta mbili za kuba, nyembamba kiasi kwamba kupishana ni shida. Anayeogopa mahali finyu asijaribu. Ukiwa humo tazama matofali: katikati ya yaliyolazwa yamepachikwa yaliyosimamishwa, mfano wa mifupa ya samaki, ili safu isiteleze kabla chokaa haijashika. Ndiyo siri mojawapo ya kujenga bila kiunzi cha kulibeba kuba lote kutoka chini. Ukishapanda kuba, mnara wa kengele wa Giotto ulio kando yake (ngazi 414) uache. Saa ya kupanda kuba uliyochagua haibadilishwi, na mabegi makubwa hayaruhusiwi. Tiketi hiyohiyo ya kuba inakuingiza Museo dell'Opera del Duomo, makumbusho ya kanisa kuu, ambako watu wengi hupapita, na wanakosea sana: milango halisi ya shaba ya Ghiberti imo humo, ile unayoiona nje kwenye jengo la ubatizo ni nakala.

Jumanne anza na San Marco, nyumba ya watawa ya zamani ambayo sasa ni makumbusho, kwa sababu hufungwa mapema mchana. Ukimaliza ngazi unakutana ana kwa ana na Kupashwa Habari kwa Maria, mchoro wa mtawa Fra Angelico. Kila chumba cha mtawa nacho kina mchoro wake. Accademia iko dakika chache tu kutoka hapo. Kila mtu huikimbilia sanamu ya Daudi ya Michelangelo, yenye urefu wa mita 5.17. Wewe simama kwanza ukumbini kwa sanamu zake za Wafungwa ambazo hazikumalizika: alama za patasi bado zinaonekana kwenye marumaru.

Anwani za huko zinapotosha. Namba yenye herufi r ni ya duka au mgahawa, na ina mfuatano wake tofauti na nyumba za watu. 25 na 25r zinaweza kuwa mbali kabisa. Makanisani funika mabega na magoti. Khanga moja mkobani inatosha.

Tiketi ya kuba ikate leo, maana nafasi zake huisha kwanza, halafu Accademia, halafu Uffizi. Ukishapata saa zako nitumie, tuzipange upya pamoja.

Wako,
Mwanaidi