Gari za wagonjwa Pemba zifungiwe antena za paa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie mawasiliano ya simu ndani ya gari zinazopita vijiji vya mbali vya Pemba, hasa gari za wagonjwa zinazotoka upande wa Makangale, Konde na Micheweni kuelekea Wete, Chake Chake au Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Nauandika waraka huu nikiwa fundi wa umeme wa magari, na ninaloliomba halihitaji fedha nyingi.

Kila linapotajwa tatizo la mtandao, jawabu letu la kwanza huwa ni kudai minara. Dai hilo ni la haki, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa ajili ya maeneo kama hayo, lakini kisiwa hiki ni cha vilima na mabonde yaliyofuatana, na hata pale mnara unapokuwepo, gari ikishuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga, kilima huweka kivuli na simu hubaki na kijiti kimoja au hukosa kabisa. Ukipita msitu wa Ngezi, majani mabichi nayo huchukua sehemu yake ya mawimbi.

Tunalolisahau ni kwamba gari yenyewe huongeza tatizo. Bodi la chuma huzuia mawimbi, na yanayoingia hupitia zaidi madirishani. Ikiwa vioo vina utando wa madini wa kupunguza joto, hata njia hiyo hufinywa. Si ajabu simu iliyomo ndani ya gari kupoteza desibeli 10 ikilinganishwa na simu iliyo nje, na desibeli 10 maana yake ni kubakiwa na sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya mawimbi. Mjini hasara hiyo haionekani kwa sababu mawimbi ni mengi, ila pale yalipokuwa hafifu tangu mwanzo, ndiyo inayokata mazungumzo baina ya muuguzi aliye njiani na daktari anayemsubiri. Nadhani hii ndiyo sababu abiria wa zile gari za zamani zenye ubavu wazi hulalamika kidogo kuliko wa mabasi mapya yaliyofungwa kila upande, ingawa sisemi turudi huko.

Dawa ya hasara hii inajulikana: ni kuitoa antena nje na kuiweka juu ya paa, katikati, ambapo bati lenyewe huisaidia kufanya kazi. Kwa masafa ya megahezi 900, ambayo hufika mbali kuliko ya 1800, antena ya robo ya wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi moja la masafa hayo, haizidi sentimita 8 hivi, kwa hiyo haitagonga matawi ya miembe. Fundi aangalie waya, kwa sababu waya mwembamba hupoteza karibu desibeli moja kwa kila mita, na anayezungusha mita tano bila sababu ameitupa nusu ya faida aliyoifuata juu ya paa. Aangalie pia viungio, maana hewa yetu ya chumvi huvila kwa kutu upesi sana; vifungwe vizuri visiingie maji na vikaguliwe kila gari inapofanyiwa huduma.

Simu za siku hizi hazina tundu la kuchomekea antena ya nje, na hapo ndipo watu wanapoingia katika busta, yaani vifaa vinavyopokea mawimbi ya mnara, kuyakuza na kuyatoa tena ndani ya gari. Busta nzuri husaidia kweli, lakini haizalishi mtandao: pasipo na mawimbi yoyote, haina cha kukuza. La hatari zaidi ni kwamba busta duni, au iliyofungwa huku antena ya nje na ya ndani zikiwa karibu mno, huanza kujisikia yenyewe na kupiga kelele katika masafa ya mnara, na kelele hiyo inaweza kuwakatia simu watu wa shehia nzima ambao hawajui gari gani imepita. Uingereza iliruhusu mwaka 2018 baadhi ya busta za magari zitumike bila leseni, lakini ziwe za nguvu ndogo na zenye uwezo wa kujidhibiti zisivuruge mtandao. Hapa kwetu vifaa vya mawasiliano huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, lakini mwenye gari anayesimama dukani hana njia nyepesi ya kujua kipi kimeidhinishwa na kipi hakikuidhinishwa, na muuzaji hatamwambia.

Kwa gari za wagonjwa ipo njia isiyo na utata huo: ruta ya gari, yaani kifaa kinachopokea mtandao wa simu na kuutoa kwa Wi-Fi, inayotumia umeme wa volti 12, yenye laini yake na matundu ya antena, iunganishwe na antena ya paa. Simu ya muuguzi itaunganishwa na ruta kwa Wi-Fi, na atapiga kwa intaneti. Ruta zinazopokea laini mbili za kampuni tofauti zinafaa zaidi, kwa kuwa bonde lisilofikiwa na mawimbi ya mnara wa kampuni moja huenda likafikiwa na ya mnara wa nyingine.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya ianze na gari chache za wagonjwa za Mkoa wa Kaskazini Pemba, na madereva waandike kwa muda wa miezi mitatu ni wapi simu ilishika na wapi haikushika, kwa sababu daftari hilo litawafaa pia wanaopanga minara. Kwa upande wake, Mamlaka ya Mawasiliano ibandike katika ofisi za wilaya na masheha orodha ya busta za magari zilizoidhinishwa, na pale ambapo hakuna hata moja iliyoidhinishwa, iseme hivyo waziwazi ili watu wasiendelee kununua.

Fundi wa umeme wa magari,
Wete, Pemba.