Usiniambie ni kitundu tu

Mwanangu,

Jana kwenye simu ulisema gogogo amekuchoma kiganjani ukimtoa kwenye nyavu, ukapaka mafuta ya taa, kazi ikaendelea. "Ni kitundu tu, mama." Sikulala. Mtandao wa huko Ukerewe unakatika ovyo, ndiyo maana naandika.

Kitundu ndicho kinachonitisha. Panga likikukata, damu inatoka na uchafu unatoka nayo. Mwiba wa gogogo unaingia ndani na utelezi wake, kisha ngozi inajifunga juu na uchafu unabaki humo. Mwiba huo una meno kama msumeno, unaweza kukatikia ndani, na una sumu, ndiyo maana maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Siku nyingine, papo hapo tumbukiza mkono kwenye maji ya moto, yale ambayo mkono wako usioumia unayastahimili, ukae nusu saa au zaidi. Sumu ile haipatani na joto. Mafuta ya taa yanaunguza tu nyama ambayo ingeziba.

Leo osha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, umimine mengi. Usitumie ya mwaloni, mnapopaa samaki na ng'ombe wanakunywa. Kausha, funika kwa kitambaa safi, badilisha kila siku. Najua wenzako watakwambia uache wazi kipigwe na jua. Kidonda si dagaa, mwanangu, hakianikwi.

Kisha nenda Nansio, hospitali ya wilaya, ukachomwe sindano ya pepopunda. Kadi yako ya kliniki ninayo kabatini: wiki ya 6, ya 10, ya 14, basi. Tangu hapo hujachomwa tena, na kidonda kichafu kinataka sindano iwe haijapita miaka 5. Usingoje uone dalili. Pepopunda huja hata kidonda kikiwa kimeshakauka, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21, na huanza kwa taya kukaza. Mtu anashindwa kufungua mdomo anywe uji.

Nikueleze la baba yako, maana ulikuwa kisiwani na tulikuficha. Siku ile alitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, akapanda mlima hadi nyumbani. Usiku namvua kandambili, naona damu imegandia soli, na chini ya kidole gumba kokoto imezama nyamani. Alikuwa ametembea nayo mchana kutwa. Hakusikia kitu! Kisukari kilikuwa kimeshamtia ganzi ya nyayo, wala hatukujua kama anacho. Tukanunua vidonge vya rangi mbili dukani, tukavipasua, tukamwagia unga juu. Wiki tatu tukimwagia unga, kidole kikigeuka cheusi. Hospitali ya Bugando mguu uliokolewa, kidole hakikuokolewa. Hilo silisahau. Tulihangaika na kidonda, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye damu. Sasa kila jioni namkalisha mlangoni penye mwanga, nageuza nyayo zake, napitisha kidole katikati ya kila kidole chake.

Wewe unasikia maumivu, shukuru, na uyasikilize. Kiganja kikivimba, wekundu ukipanda mkononi kama mstari, ukapata mtoki kwapani au homa, au kidole kikigoma kukunja, usilale na hali hiyo. Boti ya kwanza. Usaha wa kiganjani unasafiri haraka, na kiganja ndicho unachovutia nyavu.

Nauli nimekutumia kwenye simu, ni ya Nansio, si ya kitu kingine. Ukishachomwa, nipigie. Nitakuomba ukunje vidole vyote vitano, kimoja kimoja, unihesabie. Baba yako yuko hapa pembeni, anauliza ni mkono wa kulia au wa kushoto.

Mama yako