Leseni Unayo, Gari Lipo, Mbona Tunaanzia Mtaani?

Malalamiko ni yale yale: "Nimelipia masomo kumi, leseni ninayo, halafu siku ya kwanza mnanikalisha nusu saa kwenye gari lililozimwa, na ya pili mnanizungusha uchochoroni. Mnakula hela yangu." Juzi mteja mwingine amedai arudishiwe chake kabla ya somo la tatu. Basi tueleze.

Anayekuja kwa huduma hii, masomo ya kuondoa woga wa kuendesha, si mwanafunzi mpya. Leseni ya daraja D, la gari binafsi, anayo, gari liko uani limefunikwa turubai, betri imekufa mara ya pili kwa kukaa bila kuwashwa. Yupo anayeamka saa kumi alfajiri ili apite Ubungo kabla barabara haijachangamka, kisha analala kwenye kiti cha gari nje ya ofisi hadi saa mbili. Mwingine alipandishwa cheo mauzo, akapewa gari la kampuni, akawa anamlipa dereva kutoka mfukoni mwake bosi asijue. Na wapo wasiokata kulia kabisa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ni kuwavuka wanaokuja mbele yako. Mtu anaona bora aende mbele kilomita mbili akatafute kipilefti cha kugeuzia. Harusi na misiba ya upande wa pili wa mji anatuma pongezi au rambirambi kwa simu.

Sasa hiyo nusu saa ya gari lililozimwa. Tunapanga kiti. Kanyaga breki mpaka chini: goti libaki limekunjika kidogo. Egemea, nyosha mkono, kifundo kilale juu ya usukani bila bega kuacha kiti. Pandisha kiti mpaka uone boneti. Kioo cha pembeni kikuonyeshe ubavu wa gari lako kipande chembamba tu. Kinachobaki kiwe barabara. Wengi hukaa chini mno na wameusogelea usukani mpaka unagusa kifua, kwa hiyo hawajui gari lao linaishia wapi. Kila bodaboda inayopita wanaona inawagonga. Hapo tatizo ni kiti, na limeisha bila lita moja ya mafuta. Anayeogopa usiku tu, tunamwomba akapime macho kwanza. Kama taa za magari yanayokuja zinakutawanyikia, hakuna mwalimu wa udereva atakayekutibu.

Ndani ya gari la oto tunaangalia pia miguu. Mwenye woga hupenda kuweka mguu wa kushoto kwenye breki "kwa usalama". Akishtuka anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mguu wa kulia peke yake ndio unaofanya kazi, kisigino kimekaa chini.

Baada ya hapo ni mtaani, kisha barabara ya lami ndani ya makazi, kisha makutano yenye taa, kisha Barabara ya Sam Nujoma, na Barabara ya Morogoro mwishoni. Kila mahali tunakuuliza: woga uko ngapi kati ya sifuri na kumi? Ukisema nane, hatuondoki. Tunarudia kona ile ile, mara sita, mara nane, mpaka ushuke kwenye tatu au nne. Ukipaki na kutoa funguo woga ukiwa tisa, mwili unaandika kwamba umepona kwa sababu umekimbia, na kesho unaanzia tisa. Ndiyo maana somo zima linaweza kuisha kwenye makutano mamoja. Mteja anahesabu kilomita, sisi tunahesabu kona.

Tunafundisha pia la kufanya moyo ukianza kwenda mbio, viganja vikalowa na pumzi ikawa fupi. Legeza mguu kwenye mafuta, tazama kioo, indiketa ya kushoto, toka nje ya lami kabisa, hazadi, gia kwenye P, handibreki. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe polepole kwa kuhesabu sita, mara kadhaa. Usisimame katikati ya njia. Kwa kilomita 50 kwa saa aliye nyuma yako anakula karibu mita 14 kila sekunde. Woga ukitulia, unaendelea na safari, usigeuze kurudi nyumbani. Na anayepatwa na hali hii hata akiwa amekaa sebuleni, au anayeota ajali aliyopata, tunamwambia ukweli: aanze kwa daktari, sisi tutamsubiri.

Morogoro tunaiweka mwisho kwa sababu. Walioacha kuendesha kabla ya mwendokasi kuanza 2016 wanarudi na kukuta njia za mabasi katikati. Kukata kulia ni kusubiri taa yako, wala hutupii macho pengo la magari peke yake. Pale Kijazi, kwenye makutano ya Ubungo, tangu barabara za juu zifunguliwe 2021, njia inachaguliwa kabla ya kupanda. Ukiamua ukiwa juu, umechelewa.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi ni kufundishwa na mume, au kaka. Hana breki upande wake, kwa hiyo silaha yake ni kelele. Baada ya Jumapili tatu, dada hatazami tena kioo, anasubiri kelele. Tukimpokea, masomo mawili ya mwanzo yanaishia kufuta hilo, na hayo ndiyo anayoona ghali. Wengine wanajifunza alfajiri tu, barabara tupu. Wanachojua ni barabara tupu. Wapo pia wa kidonge cha mafua "kinachotuliza". Vingi vya hivyo vinasinzisha, na tukijua umemeza, somo limeahirishwa na hela haturudishi.

Kuhusu bei: ndiyo, tuko juu ya chuo cha jirani. Gari letu lina pedali upande wa mwalimu, bima ya gari la mafunzo, kiyoyozi kinawaka kwenye foleni, na mwanafunzi ni mmoja. Kule wanapakia wanne, mmoja anaendesha na watatu wanamtazama, jambo baya kuliko yote kwa mtu anayeona aibu. Masomo matatu ya siku mfululizo hatuuzi hata ukilipia mara mbili. Ni mara mbili kwa wiki, na katikati unaendesha njia uliyokwisha kuimudu, dakika 20, peke yako.

Siku ya kwanza njoo na leseni ambayo haijaisha muda, miwani kama unavaa, na viatu vya soli nyembamba. Kandambili utaziacha mapokezi.