Kipande cha mti si cha kushikilia kifuniko cha injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoendelea kuendesha Volkswagen za mgongo wa kobe, pamoja na mafundi wanaotuhudumia, kuhusu namna ya kukishikilia kifuniko cha injini kikiwa wazi.

Gari hili lina injini nyuma, pale ambapo magari mengi yana buti, na kifuniko chake hufunguka kwenda juu kwa bawaba zilizo chini ya kioo cha nyuma. Kiwandani lilitoka na springi ya kukizuia kisianguke, lakini springi iliyofanya kazi tangu mwaka 1972, kama ya gari langu, huwa imelegea au imekwisha kukatika, na hapo ndipo kipande cha mti kinapopata ajira.

Oktoba iliyopita nilipeleka gari katika gereji moja hapa Tabora lirekebishwe taimingi. Fundi kijana aliokota kipande cha mninga, akasimamisha ncha moja juu ya injini, nyingine akaiegemeza ndani ya kifuniko, kisha akawasha gari. Mninga ni mti imara, sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba injini na giaboksi yake hukalia raba na hutikisika, ilhali kifuniko kimefungwa kwenye bodi; fimbo iliyosimama kati ya vitu viwili visivyotikisika pamoja husogea kidogo kidogo mpaka ichomoke. Niliiona ncha ya chini ikihama kiasi cha unene wa kidole, nikataka kumwonya, na kabla sijamaliza neno kifuniko kilimshukia kwenye kiwiko, vidole vyake vikiwa karibu kabisa na mkanda wa feni. Alitoka na michubuko tu, tukamshukuru Mungu.

Nimefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, ambako kitu kilichoinuliwa hakiachwi bila pini, hivyo nilirudi nyumbani nikatengeneza fimbo ya nondo ya milimita 8. Ncha ya chini niliikunja pete na kuifunga kwa bolti kwenye bodi, ubavuni mwa chumba cha injini, wala si kwenye injini. Ncha ya juu niliikunja ndoano inayoingia katika tundu la fremu ya ndani ya kifuniko, kisha hufungwa kwa pini ndogo ili hata upepo wa kiangazi ukikiinua kifuniko, ndoano isitoke. Niliivika kipande cha mpira isikwaruze rangi, na ikishalala hubanwa mbali na mkanda. Anayetaka kuiga apime urefu kwa uangalifu, kwa sababu waya wa taa ya namba ya gari hupita kwenda kwenye kifuniko, na ukikiinua kupita kiasi unaukata.

Wapo wanaopendelea shokapu za gesi zilizotolewa kwenye buti la gari jingine. Ni nzuri zikilingana na uzito, lakini zenye nguvu kupita kiasi hupinda bati la kifuniko, moja ikifungwa upande mmoja tu hukisokota, na gesi ikivuja hazitoi taarifa. Anayezifunga ahakikishe kwamba kifuniko kikifungwa fito za shokapu zinaelekea chini, ili mafuta ya ndani yailowanishe sili, yaani mpira unaozuia gesi isivuje. Kamba ya kufungia kwenye keria inafaa ukiharibikiwa porini, basi. Kwa kazi kubwa, kama kuishusha injini, ni afadhali kuchomoa waya wa taa, kufungua bolti za bawaba na kukiweka kifuniko kando kabisa.

Niongeze kwamba fimbo hizi ni za gari lililosimama. Wako madereva wanaokwenda Nzega wakiwa wamekiacha kifuniko nusu wazi, wakidai injini inapoa, wakati feni imepangiwa kuvuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Injini ikichemka wakague mkanda, oili na mabati yanayoielekeza hewa.

Yule kijana nimempa nondo iliyobaki na vipimo vyake. Ameniambia atamtengenezea kila mteja wa kobe anayekuja.

Mstaafu wa Reli,
Isevya, Tabora