Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ilimba, Muheme na Sauti Nne

Ndugu wanachama, walimu wa kwaya na mafundi wa ngoma, mbukwenyi.

Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nabaki na kazi yenyewe: kukutanisha nyimbo za Wagogo na kwaya ya sauti nne bila upande mmoja kuumeza mwingine.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni kinanda. Ngazi ya Chigogo ina noti tano: do, re, mi, so na ta (ti iliyoshushwa nusu toni). Fa, la na ti hazimo. Tena hiyo ta iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni, kwani nusu toni ni senti 100. Mi iko chini kwa senti 14. Re na so zimezidi kwa senti 4 na 2 tu, hazimuudhi mtu. Fundi wa ilimba, ala yetu ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, hajakosea. Hizo ndizo sauti ambazo uzi mmoja wa izeze, zeze letu, huzitoa ukigawanyika sawasawa mara 4, 5, 6 hadi 10. Ilimba na kinanda vikipigwa pamoja, ta mbili hugombana, sauti inatetemeka, na waimbaji hufuata chenye kelele zaidi, yaani spika.

Dawa ya kwanza ni kuzima kinanda ilimba inapoanza. Wengi wetu tumeishia hapo. Ya pili ni kwa vinanda vinavyoruhusu kurekebisha noti moja moja, hasa vile vyenye mitindo ya Kiarabu: do ikiwa G, shusha B kwa 14 na F kwa 31, pandisha A kwa 4 na D kwa 2. Rudisheni kabla ya wimbo unaofuata! Wapo waliofanya kinyume, wakailazimisha ilimba ifuate kinanda: ulimi ukisukumwa ndani sauti inapanda, ukivutwa nje inashuka. Inawezekana, ila kinachobaki ni kinanda cha vyuma.

Mwalimu aliyelelewa na tenzi huweka besi ya do, fa, so na kumalizia kwa ti kwenda do. Ladha inatoka papo hapo. Kanuni ya wazee ni kuruka noti moja katika mfuatano wa uzi wa izeze (do, mi, so, ta, do, re, mi): do ya chini na so, mi na ta, so na do, ta na re, do na mi, zote zikienda upande mmoja. Mi na ta huwashtua wageni. Wasikilize kwanza ilimba, au rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, ndipo mgawe karatasi za nota. Besi tuliipa kipande kifupi kinachojirudia, ikatulia.

Karatasi hizo zina hila nyingine. Mwimbishaji wa Kigogo huingia kabla kiitikio hakijaisha. Mwandishi wa nota humngojesha hadi mstari wa wima, na wimbo unalala. Mkiweka maneno ya Kiswahili, mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho: badilisheni noti, msipinde neno.

Muheme ni ngoma ya akina mama, na mwendo ni wao. Mwalimu asimame wanapomwona, atoe ishara ya kuingia na ya kukoma, katikati atulize mikono. Masika, kati ya Desemba na Aprili, ngozi hulegea kwa unyevu na ngoma inatoa mlio wa debe. Ianikeni juani au mbali kidogo na moto wa nyasi, mkiigeuza. Ikikaribia mno hupasuka, na kuwamba upya si kazi ya asubuhi moja.

Nyimbo za makumbi, yaani za jando, chama hakitazigusa. Si za jukwaani.

Limebaki moja. Ilimba za kwaya zetu zina do tofauti, kwa hiyo hatuwezi kupiga kwa pamoja. Kamati inapendekeza do iwe G kwa wote, na kila kundi lije na fundi wake siku ya kupatanisha. Lijadiliwe kabla ya uchaguzi, watu wakiwa bado wamekaa.