Msaada wa wafanyakazi wenza nao upimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo fomu za kupima utendaji kazi huliacha nje, ingawa mara nyingi ndilo linaloamua kama kazi itakwenda au itakwama, nalo ni msaada ambao wafanyakazi hupeana wao kwa wao.

Nilipoanza kazi ya uhasibu, nilihangaika siku nzima na urari wa mwisho wa mwezi, yaani jedwali la hesabu ambalo jumla za pande zake mbili lazima ziwe sawa, uliokataa kulingana kwa tofauti ya 540. Mwenzangu wa meza ya jirani aliweka kando ripoti yake, akanieleza kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 aghalabu hutokana na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na haukupita muda tukaiona: 1,820 ilikuwa imeandikwa 1,280. Tangu siku hiyo sikuona tena haya kuuliza, na makosa yangu yakapungua. Yeye ripoti yake ilichelewa, na tathmini yake ya mwaka ule ikataja kuchelewa huko bila kutaja sababu. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alipochunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani, alishangaa kukuta kwamba timu zenye maelewano mazuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya utoaji wa dawa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema walipokosea, na kosa lililosemwa huweza kurekebishwa kabla halijaleta madhara makubwa.

Sikatai kwamba upo msaada unaodumaza, kwa kuwa anayefanyiwa kazi yake kila siku hajifunzi. Lakini kuwashindanisha watu kwa bonasi ya mmoja mmoja hakutibu tatizo hilo, maana anayejua kwamba mwenzake akipanda yeye atashuka, ataficha anachokijua.

Nawaomba waajiri waongeze katika fomu hizo swali moja la kujibiwa na kila mfanyakazi: ni nani aliyekusaidia kumaliza kazi yako mwaka huu, na alikusaidiaje? Majibu hayo yawekwe mbele ya msimamizi, kando ya orodha ya ripoti zilizochelewa, kabla hajatoa alama.

Wako,
Mhasibu