Kikao chetu wenye lupus cha Jumamosi tumekisogeza jioni
Salaam aleikum, hamjambo wote. Jumamosi tukutane bustani ya Mama Ngina saa kumi na moja jioni sio saa nne tena, jua la Mombasa mwalijua wenyewe na kwa mwenye lupus (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe) si kuungua ngozi tu, laweza kuamsha ugonjwa mwili mzima, viungo mpaka figo. Hata kukiwa na mawingu pakeni losheni ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu, usoni na mikononi, na wenye buibui pia jamani. Wa Likoni tokeni mapema, ile foleni ya feri haina huruma.

Tutaongea zaidi kuhusu uchovu, maanake huo ndio unatuharibia kazi na ndoa kuliko hata maumivu na watu wanadhani ni uvivu (wangejua!), kwa hivyo waume na mashemeji waje wasikie wenyewe. Wanaotumia haidroksiklorokwini (dawa ya lupus ambayo yaweza kudhuru macho) macho yapimwe, hasa ukishapita miaka 5 nayo, na usiache dawa eti kwa sababu unajiskia poa. Mkojo je, wa kuangalia figo, umepima lini mara ya mwisho?

Ukilemewa siku hiyo niandikie inboksi, tutakupigia video uwe nasi ukiwa kitandani.